Bendi ya Kansas: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi huifahamu Kansas kwa wimbo mmoja tu, "Dust in the Wind", ule wa gitaa la taratibu na fidla, na hudhani umeimbwa na mtu mmoja aliyekaa na gitaa lake barazani. Kumbe nyuma yake ipo bendi ya watu sita, albamu 16 za studio, na zaidi ya nusu karne ya kusafiri, kugombana, kuachana na kurudiana. Majibu yafuatayo ni ya mtu anayeipenda bendi hii lakini haisamehe kila kitu.

Kansas ni bendi au ni jimbo?

Ni vyote viwili. Kansas ni jimbo la katikati ya Marekani, nchi ya tambarare, ngano na vimbunga. Mji mkuu wake ni Topeka, na Topeka ndiko bendi ilikozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Asili hiyo ina uzito wake. Bendi iliyotaka kutoka wakati ule ilihamia New York au Los Angeles, kwenye kampuni za kurekodi na waandishi wa magazeti. Vijana wa Topeka walikuwa na mabaa, kumbi za shule, na barabara ndefu baina ya mji mmoja na mwingine. Ukitaka mteja wa baa ya namna hiyo asikilize wimbo wa dakika kumi, sharti uupige kwa nguvu na usikosee, na hiyo ndiyo shule waliyosomea.

Mbona wengine husema ziliwahi kuwepo Kansas tatu?

Kwa sababu zilikuwepo kweli. Mwaka 1970 bendi ya mpiga gitaa Kerry Livgren, iliyoitwa Saratoga, iliungana na White Clover ya mpiga dramu Phil Ehart na mpiga besi Dave Hope. Muungano huo ukajiita Kansas. Haukudumu. Mwaka uliofuata Ehart na Hope walijitoa, Livgren akabaki na jina na kuunda Kansas ya pili, yenye saksafoni na filimbi na muziki wa ajabu kidogo.

Ehart naye alikwenda Uingereza kutafuta bahati, akaikosa, akarudi nyumbani mwaka 1972 na kuifufua White Clover. Alimchukua tena Hope, akaongeza Rich Williams wa gitaa, Steve Walsh wa kinanda na sauti, na Robby Steinhardt wa fidla. Mwanzoni mwa 1973 wakamwita Livgren, naye akaja na daftari la nyimbo zake pamoja na jina la zamani. Hiyo ndiyo Kansas ya tatu, na ndiyo dunia inayoijua.

Ile ya pili haikupotea moja kwa moja. Kanda zake zilitolewa mwaka 2002 kwa jina la Proto-Kaw, na Livgren akawakusanya wenzake wa zamani wakarekodi albamu mpya iliyotoka 2004. Ni muziki wa wenye subira, usianze nao.

Nani alipiga nini?

Ehart dramu, Hope besi, Williams gitaa. Livgren alipiga gitaa na kinanda na ndiye aliyekuwa mtunzi mkuu. Walsh alikuwa kwenye kinanda na ndiye mwimbaji kiongozi, mwenye sauti ya juu inayopanda bila kupasuka. Steinhardt alipiga fidla, aliimba nyimbo kadhaa mwenyewe, na ndiye aliyezungumza na watu jukwaani, maana wenzake hawakuwa wasemaji.

Watu huuliza pia juu ya Williams na kile kitambaa anachofunika jichoni. Si pambo la jukwaani. Alipoteza jicho la kulia utotoni kwa ajali ya fataki, na kwa miaka mingi alivaa jicho la bandia.

Katika hao sita, yashike majina mawili: Ehart na Williams. Nyimbo mbili kubwa kuliko zote za bendi hazikutoka kwenye kalamu zao. Lakini kila albamu ya Kansas, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, wao wamo.

Mkataba wa kwanza ulipatikanaje?

Hapa pana kisa ambacho wanabendi wenyewe wamekuwa wakikisimulia kwa kicheko. Kanda yao ya majaribio ilifika New York kwa Don Kirshner, yule mfanyabiashara wa muziki aliyekuwa nyuma ya bendi ya The Monkees, ambaye wakati huo alikuwa anaanzisha kampuni yake ya kurekodi. Kirshner akamtuma msaidizi wake, Wally Gold, aende kuwaona wakipiga mbele ya watu. Onyesho likapangwa katika jumba la zamani la Ellinwood, mji mdogo katikati ya jimbo.

Tatizo likawa watu. Bendi isiyojulikana ingeujazaje ukumbi? Wakatangaza bia ya bure. Ukumbi ukafurika, kelele zikapanda hadi darini, na Gold akarudi New York akiwa ameona bendi inayopendwa kupita kiasi kwao. Sehemu ya mapenzi yale ilikuwa ya bia, bila shaka, lakini mkataba ulisainiwa.

Albamu ya kwanza, iliyoitwa kwa jina la bendi, ilitoka 1974.

Yule mzee mwenye ndevu kwenye jalada la albamu ya kwanza ni nani?

Ni John Brown, Mzungu aliyechukua silaha kupinga utumwa na akanyongwa mwaka 1859 baada ya kuvamia ghala la silaha la Harpers Ferry. Kabla ya hapo alipigana Kansas kwenyewe, miaka ya 1850, wakati walowezi walipokuwa wakiuana juu ya swali la jimbo hilo kuwa la watumwa au la watu huru. Picha ni sehemu ya mchoro mkubwa wa ukutani wa John Steuart Curry uliomo ndani ya jengo la bunge la jimbo huko Topeka. Brown amenyosha mikono, mmoja una Biblia na mwingine bunduki, na nyuma yake kimbunga kinazunguka na moto unateketeza nyika.

Vijana wa Topeka walikua wakiuona mchoro huo kwenye ziara za shule. Sijui jalada la bendi changa lililotangaza kwao kwa sauti kubwa kuliko hili.

Roki ya progresivu ni nini hasa, na Kansas wanatofautiana vipi na Waingereza?

Kwa ufupi, ni roki iliyochoka na nyimbo za dakika tatu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, King Crimson, Yes, Genesis na wenzao wa Uingereza walianza kutunga vipande virefu vyenye sehemu nyingi, mapigo yanayobadilika katikati ya wimbo, vinanda vya kila aina na mashairi ya falsafa au hekaya. Walichota kwenye muziki wa kanisa na wa okestra za Ulaya. Wapinzani wao waliuita muziki wa kujionyesha, na mara nyingine hawakukosea.

Kansas waliusikia muziki huo wakiwa mbali, wakauchanganya na walichokuwa wanakipiga mabaani, yaani buluzi, bugi na roki nzito ya kuchezeka. Sikiliza albamu ya kwanza uone. Humo kuna wimbo wa J.J. Cale unaokimbia kama wa sherehe ya Jumamosi, na karibu yake kuna "Journey from Mariabronn", safari ndefu iliyochota kwenye riwaya ya Hermann Hesse. Bendi ya Kiingereza ingeona aibu kuviweka pamoja. Kansas hawakuona aibu, na kwa maoni yangu hapo ndipo utamu wao ulipo.

Halafu kuna fidla. Steinhardt alisomea fidla ya kiklasiki. Baba yake aliyemlea alikuwa profesa wa historia ya muziki katika Chuo Kikuu cha Kansas. Lakini kwenye bendi hakuitumia kama pambo la kulainisha. Ilibishana na gitaa, iliongoza, ilipokezana na kinanda. Aliyezoea taarab ya okestra, ambamo fidla hubeba melodia na kumjibu mwimbaji, atamwelewa Steinhardt haraka kuliko msikilizaji wa roki aliyezoea magitaa matupu.

Albamu za mwanzo ziliuza?

Kidogo, na polepole. "Song for America" ilitoka mwanzoni mwa 1975 na "Masque" mwishoni mwa mwaka huohuo. Wimbo wenyewe wa "Song for America" unachukua kama dakika kumi na unaeleza jinsi wahamiaji walivyoifikia ardhi safi na kuijaza miji na moshi, jambo ambalo si la kawaida kwa wimbo wenye jina la kizalendo. Redio hazikujua zifanye nini na nyimbo za namna hiyo. Bendi iliishi barabarani, ikipiga kila mahali ilipoitwa, na deni lake kwa kampuni likazidi kuongezeka. Sifa ya Kirshner ni kwamba hakuwatupa. Kampuni nyingine ingefunga daftari baada ya albamu ya pili.

"Carry On Wayward Son" ilitungwaje?

Kwa dharura, karibu mlango ukiwa unafungwa. Mwaka 1976 bendi ilikuwa Topeka ikifanyia mazoezi albamu ya nne. Walsh, ambaye hadi hapo alikuwa akichangia nyimbo nyingi, alikauka. Hakuwa na kitu. Mzigo wote ukamwangukia Livgren, naye akawa anakwenda nyumbani usiku, anatunga, na kesho yake analeta wimbo mpya mazoezini. Kila siku wenzake wakawa wanangoja waone ameleta nini.

Mazoezi yakaisha. Vyombo vilikuwa vinafungwa ili safari ya kwenda kurekodi Louisiana ianze, ndipo Livgren akasema ana wimbo mmoja zaidi. Waliujifunza kwa haraka, wakaondoka nao. Studio yenyewe, karibu na mji wa Bogalusa, ilikuwa msituni, na prodyuza alikuwa Jeff Glixman, rafiki yao wa tangu siku za Kansas.

Wimbo unaanza kwa sauti za watu peke yake, bila ala hata moja, kisha gitaa linaingia na kile kipande ambacho kila kijana anayejifunza gitaa hujaribu kukipiga. Ubeti unatulia, kiitikio kinapaa, katikati kinanda na gitaa vinafukuzana. Ndani ya dakika tano na ushee wamebana kila walichokuwa wakikifanya kwa dakika kumi. Redio ziliupokea, na mwaka 1977 ukafika namba 11 kwenye chati ya Billboard ya Marekani.

Albamu ni "Leftoverture", ya Oktoba 1976. Ilifika namba 5 na kuuza mamilioni ya nakala Marekani pekee. Madeni yalilipwa. Walsh, kwa haki, ndiye aliyeuimba wimbo ambao hakuutunga, na usingekuwa ulivyo kwa koo jingine.

Na "Dust in the Wind"?

Huu nao ulikuja kwa mlango wa nyuma. Livgren alikuwa mpiga gitaa la umeme. Upigaji wa kuchambua nyuzi kwa vidole kwenye gitaa kavu hakuujua vizuri, akawa anajifunza nyumbani kwa zoezi alilojitungia. Mke wake akalisikia zoezi lile likirudiwa, akamwambia hiyo melodia inafaa kuwa wimbo. Livgren hakukubali mara moja. Kansas hawakuwa bendi ya nyimbo laini.

Maneno yalimjia baada ya kusoma kitabu cha mashairi ya Wenyeji wa Marekani, ambamo alikutana na wazo la binadamu kuwa vumbi linalopeperushwa. Msomaji wa Biblia atadhani ametoka moja kwa moja kwenye kitabu cha Mhubiri, na ujumbe ni uleule: ubatili mtupu, na kujilisha upepo. Livgren wakati huo hakuwa bado Mkristo. Alikuwa mtafutaji, anaruka kutoka dini moja hadi falsafa nyingine.

Alipoupiga mbele ya wenzake alikuwa kama anaomba radhi. Wao ndio waliosema huu tunaurekodi. Magitaa unayosikia ni zaidi ya moja, ya Livgren na Williams, yamepangwa juu ya mengine hadi yanasikika kama chombo kimoja kikubwa kinachometameta. Dramu hakuna. Katikati Steinhardt anaingia na nyuzi zake, na ni kipande kifupi ambacho hakina noti ya ziada.

Wimbo ulitoka kwenye albamu "Point of Know Return" ya Oktoba 1977, ile yenye jalada la meli inayoanguka ukingoni mwa dunia. Mwaka 1978 ukafika namba 6. Ndio wimbo pekee wa Kansas ulioingia kumi bora za Marekani. Bendi iliyojijenga kwa kelele na ufundi ikavuka mipaka kwa wimbo usio na dramu, na mpiga dramu ndiye aliyekuwa mwanzilishi.

Kwenye albamu hiyohiyo, usipitwe na nyimbo mbili: "Portrait", inayomhusu Albert Einstein, na "Closet Chronicles", inayomhusu bilionea Howard Hughes aliyejifungia asionwe na watu. Mimi huirudia hii ya pili kuliko zote.

Kama mambo yalikuwa mazuri hivyo, kwa nini Walsh aliondoka?

Watu hutaka jibu la neno moja, na neno wanalotaka ni dini. Si uongo, ila si lote.

Mwaka 1979, wakiwa ziarani, Livgren aliokoka. Alikuwa amebishana kwa muda mrefu juu ya Biblia na Jeff Pollard, mwimbaji wa LeRoux, bendi iliyokuwa ikiwafungulia maonyesho, na mwisho akashindwa hoja. Kwa kuwa yeye ndiye mtunzi, imani yake ikaingia kwenye nyimbo. Hope naye akaokoka baadaye. Jiweke sasa nafasi ya Walsh: kila usiku unapanda jukwaani kuimba ushuhuda wa mtu mwingine. Kwenye "Audio-Visions" ya 1980 kuna "Hold On", wimbo ambao Livgren alimwandikia mke wake kumsihi aifuate imani hiyo. Ni mzuri sana, na Walsh ameuimba kwa moyo wote, lakini maneno hayakuwa yake.

Kulikuwa na mengine pia. Livgren na Walsh walikwisha kutoa albamu zao binafsi mwaka 1980, kila mmoja akionja uhuru. Ya Livgren ilimshirikisha Ronnie James Dio, mwimbaji mwenye sifa ya mashetani na mazimwi, kwenye albamu ya mlokole, na matokeo yake ni bora kuliko yanavyoonekana kwenye karatasi. "Monolith" ya 1979, waliyojisimamia wenyewe bila Glixman, haikufikia mauzo ya mbili zilizotangulia. Uchovu wa safari ulikuwepo. Mwaka 1981 Walsh akaenda zake na kuunda bendi ya Streets.

Baada ya Walsh nani aliimba?

John Elefante, kijana ambaye hakuwa na jina. Alikuwa na sauti nzuri, alijua kutunga, na "Play the Game Tonight" ya mwaka 1982 ikafika namba 17. Tatizo halikuwa yeye. Steinhardt naye aliondoka mwaka huo, na albamu ya 1983, "Drastic Measures", haina fidla kabisa na nyimbo nyingi ni za Elefante na kaka yake. Ni albamu ya roki ya redio ya miaka ya 1980, safi, na ungeweza kubandika jina la bendi yoyote kwenye jalada. Mashabiki wapo wanaoitetea. Siwafuati.

Livgren na Hope waliondoka mwaka huohuo wakaanzisha bendi ya Kikristo iliyoitwa AD. Hope baadaye akawa kasisi wa Kianglikana huko Florida, jambo ambalo nadhani ni mwisho usiotarajiwa kuliko wote katika historia ya wapiga besi wa roki. Mwaka 1984 Kansas ikavunjika.

Walirudi lini?

Haraka tu, mwaka 1985. Ehart na Williams wakamrudisha Walsh, naye akaja na mpiga besi wake wa Streets, Billy Greer. Gitaa la pili akapewa Steve Morse wa Dixie Dregs, mmoja wa mafundi wakubwa wa gitaa wa kizazi chake, yule ambaye mwaka 1994 alichukua nafasi ya Ritchie Blackmore ndani ya Deep Purple.

Walitoa "Power" mwaka 1986, na humo wimbo laini "All I Wanted" ukafika namba 19. Kansas hawajaingia tena 40 bora tangu hapo. Ikafuata "In the Spirit of Things" mwaka 1988, chini ya prodyuza Bob Ezrin. Hii ya pili imejengwa kwa uangalifu na inastahili kusikilizwa upya, lakini kampuni haikuitangaza vya kutosha na ikazama.

Miaka ya 1990 walikuwa wapi?

Barabarani. Mwaka 1991 David Ragsdale alijiunga na fidla ikarudi. "Freaks of Nature" ya 1995 ina nguvu kuliko mauzo yake. Mwaka 1998 walirekodi nyimbo zao za zamani na London Symphony Orchestra, wakati Steinhardt amekwisha kurudi. Sauti ya Walsh ilikuwa imeanza kuchakaa, na kwenye rekodi za wakati huo utamsikia akizunguka noti alizokuwa akizipiga moja kwa moja.

Kikosi cha asili kiliwahi kukutana tena?

Ndiyo, kwenye "Somewhere to Elsewhere" ya mwaka 2000. Nyimbo zote ni za Livgren, na zilirekodiwa kwenye studio yake shambani, Kansas. Wote sita wamo, pamoja na Greer. Ni albamu ya watu wazima wasiotaka tena kumshangaza mtu. Baada yake bendi haikutoa nyimbo mpya kwa miaka 16.

Kwa nini walikaa kimya muda wote huo?

Hawakukaa kimya. Waliendelea na maonyesho kila mwaka. Ila Walsh hakutaka kurekodi tena, na bila Livgren hakukuwa na mtunzi. Steinhardt aliondoka kwa mara ya mwisho mwaka 2006, Ragsdale akashika tena fidla. Livgren alipata kiharusi mwaka 2009, akapona kiasi cha kurudi kwenye muziki wake mwenyewe.

Mwaka 2014 Walsh alistaafu. Wengi tulidhani ndio mwisho. Ehart na Williams wakamchukua Ronnie Platt, aliyekuwa akiimba na Shooting Star, bendi nyingine ya eneo hilohilo yenye fidla. Platt hakujifanya Walsh, na hilo lilimsaidia. Zak Rizvi aliingia na gitaa na utunzi. Mwaka 2016 wakatoa "The Prelude Implicit", na 2020, wakati mpiga kinanda Tom Brislin amekwisha kujiunga, "The Absence of Presence". Ni albamu mbili nzuri, si za kuvumilia. Hiyo ya 2020 ningeiweka juu ya kila walichokifanya tangu 1980.

Vijana wa leo wanazijuaje nyimbo hizi?

Wengi kupitia tamthilia ya "Supernatural", iliyorushwa kuanzia 2005 hadi 2020. Ndugu wawili wawindaji wa mapepo, wazaliwa wa Lawrence, Kansas, na mwishoni mwa msimu "Carry On Wayward Son" hupigwa huku matukio yaliyopita yakirudiwa. Wengine waliukuta kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero II. Ni jambo la kuchekesha kidogo: mtu anakuja ukumbini kwa sababu ya mapepo ya televisheni, kisha anasimama mbele ya fidla inayopigwa kwa dakika nane.

Nani yu hai, nani yumo kwenye bendi?

Robby Steinhardt alifariki Julai 2021 akiwa na miaka 71, kutokana na ugonjwa wa kongosho, akiwa anajiandaa kurudi na muziki wake binafsi. Ragsdale aliondoka mwaka 2023 na fidla ikachukuliwa na Joe Deninzon, mwaka uleule bendi ilipoanza ziara ya kutimiza miaka 50. Mwanzoni mwa 2024 Ehart alipata mshtuko mkubwa wa moyo, na kwenye dramu akakaa Eric Holmquist, aliyekuwa fundi wa dramu zake. Hivyo kwenye jukwaa, wa tangu 1973 amebaki Rich Williams.

Je, ni Kansas kweli kama Livgren na Walsh hawamo?

Swali hili huleta ugomvi kila mara. Hoja ya wanaokataa ni nyepesi kueleza: mtunzi ameondoka, sauti imeondoka, kilichobaki ni jina. Mimi naona vingine. Livgren aliondoka 1983, Walsh ameondoka mara mbili, Steinhardt mara mbili. Kila mara kulikuwa na watu wawili waliobaki kutafuta mwimbaji, kupanga ziara na kugombana na kampuni. Bila Livgren nyimbo zisingekuwepo. Bila Ehart na Williams nyimbo zingekuwepo kwenye santuri tu, na hakuna ambaye angezisikia zikipigwa ukumbini baada ya 1984.

Nianze na albamu gani?

"Leftoverture", tena nzima, kwa mpangilio wake. Utamaliza na "Magnum Opus", iliyoshonwa kwa vipande vilivyosalia, lakini kabla ya hapo tulia na "Cheyenne Anthem", ombolezo la watu wa kabila la Cheyenne walionyang'anywa nchi yao. Ukiipenda, rudi nyuma kwa "Song for America". Kisha chukua "Two for the Show" ya 1978, iliyorekodiwa mbele ya watu. Huko ndiko utakakoielewa bendi, kwa sababu nyimbo zilezile zinapigwa kwa kasi na hasira ambayo studio iliificha. "Point of Know Return" utaifikia tu, haikwepeki.

Za miaka ya 1980 ziache kwanza. Ukiwa na haraka ya kusikia walipo sasa, ruka hadi "The Absence of Presence", vaa spika za masikioni, na usiangalie simu kwa dakika nane za wimbo wa kwanza.